Somo: LUKU ikiisha, Vim irudi palepale ulipoishia

Juzi saa nne usiku LUKU iliisha nyumbani Sinza. Si mgao wala hitilafu, ni uzembe wangu mwenyewe: mita ilikuwa inalia tangu jioni nami nikajifanya sisikii. Laptopu yangu betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya, kwa hiyo giza lilipoingia nayo ikazima. Nilikuwa nimefungua mafaili kumi na moja ya mfumo wa stoo wa duka la vipuri Kariakoo, skrini imegawanywa mara tatu: kushoto fomu ya mauzo, kulia hesabu, chini mipangilio. Nilipoingiza tokeni na kuwasha, vyote vikarudi mahali pake, isipokuwa faili moja lililoniuliza swali kwanza. Ninayekaa naye akadhani nimefanya uchawi.

Natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi na kodi kwenye terminali, aliyoitoa Bram Moolenaar mwaka 1991. Ukiifungua tupu, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Si mapambo, Moolenaar aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na ombi lile lilibaki pale hata baada ya yeye kufariki 2023.

Hatua ya 1. Ingia kwenye folda ya mradi kwanza, ndipo ufungue Vim. Ukianzia popote tu, utajikuta na sesheni (kumbukumbu ya mafaili na madirisha uliyofungua) inayokupeleka popote tu.

cd ~/miradi/stoo
vim

Hatua ya 2. Panga meza yako. Fungua mafaili kwa :e, gawanya skrini kwa :split na :vsplit. Ukiridhika, andika:

:mksession

Ndani ya folda kutazaliwa faili linaloitwa Session.vim. Ukirudia amri hiyo kesho, Vim itagoma na kukupa kosa E189, kwamba faili lipo tayari. Ongeza alama ya mshangao, :mksession!, nayo italiandika upya.

Hatua ya 3. Kurudi kazini ni hivi tu, ukiwa kwenye folda ileile:

vim -S

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mafunzo mengi yanakwambia uweke amri ya kuhifadhi sesheni wakati wa kufunga Vim. Sawa, lakini umeme ukikatika hakuna aliyefunga Vim, imeuawa. Amri hiyo haipati nafasi ya kufanya kazi, na utakachokuta ni mpangilio wa juzi. Mimi nahifadhi sesheni kila ninapohifadhi faili lolote. Weka mstari huu kwenye ~/.vimrc, faili la mipangilio ya Vim:

autocmd BufWritePost * if v:this_session != '' | exe 'mksession! ' . fnameescape(v:this_session) | endif

Kigezo v:this_session kinashika jina la sesheni uliyoihifadhi au kuifungua mara ya mwisho. Kama hujaanzisha sesheni yoyote kiko tupu, na mstari unakaa kimya. Kwa hiyo hautakujazia Session.vim kila unapohariri faili moja la haraka haraka.

Hatua ya 5. Ujue sesheni haibebi nini. Inakumbuka mafaili gani yalikuwa wazi, madirisha yalivyokaa, na kishale kilikuwa mstari wa ngapi. Maneno uliyoandika bila kupiga :w hayamo humo. Hayo yako kwenye faili la swapu, faili la akiba la muda, ambalo Vim huliandika kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Ndiyo sababu faili langu moja liliuliza: liliniletea E325, onyo kwamba limekutwa faili la swapu, nikabonyeza R, mistari yangu ya hesabu ikarudi yote kasoro neno la mwisho. Ukishaokoa, kagua, piga :w, kisha ufute lile faili la swapu, la sivyo litakuuliza tena kesho.

Historia ya kutendua (undo) nayo haimo. Ukiitaka, tengeneza folda ~/.vim/undo, halafu kwenye ~/.vimrc:

set undofile
set undodir=~/.vim/undo//

Maswali ya wanachama

"Mkuu, nimebadilisha mipangilio kwenye vimrc, lakini nikifungua sesheni ya zamani inarudi ileile ya mwanzo. Nimeshaanza kuichukia."

Usiichukie. Kwa kawaida Vim hufungasha mipangilio yako ndani ya sesheni, kisha inaipakua juu ya ile mipya. Weka set sessionoptions-=options kwenye vimrc, kisha uihifadhi sesheni upya. Ile ya zamani bado ina mzigo wake mpaka uiandike tena.

"Kaka, mchana niko ofisini Posta, usiku namalizia nyumbani Mbagala. Naweza kubeba Session.vim kwenye fleshi?"

Unaweza. Ni maandishi ya kawaida, lifungue ulione. Karibu na mwanzo kuna mstari unaoanza na cd, na hapo ndipo penye jina la folda. Kama mradi uko ~/miradi/stoo kwenye mashine zote mbili, hugusi kitu. Kama folda ni tofauti, rekebisha mstari huo kwa mkono. Mafaili yenyewe ya mradi usiyasahau ofisini. Sesheni bila mafaili ni sawa na funguo bila mlango.

"Tuko watatu kwenye mradi mmoja, na kila nikivuta kazi za wenzangu kwenye git, madirisha yangu yanakuwa ya mtu mwingine."

Kuna mwenzenu ameipandisha sesheni yake. Andikeni Session.vim kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git iyaache, halafu mmoja wenu apige git rm --cached Session.vim. Kabla ya kuvuta badiliko hilo, kila mtu anakili yake pembeni, maana git itaifuta.

"Shikamoo mwalimu. Mimi natumia VS Code, haya yote yananihusu?"

Marahaba. Kwa kazi za kwenye laptopu yako, hapana. VS Code inakumbuka yenyewe madirisha, hata maandishi ambayo hujayahifadhi. Siku utakapoingia kwenye seva ya mteja kupitia terminali na kukuta Vim peke yake, anzia hatua ya 1.