Leseni ya msimamizi wa mazishi New York, na suala la tanuri

Marekani haina leseni moja ya taifa kwa kazi hii. Kila jimbo lina sheria yake. New York, leseni hutolewa na Idara ya Afya ya jimbo. Anza na chuo chenye kozi ya huduma za mazishi iliyoidhinishwa, kisha ufanye mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, sanaa na sayansi. Kuna pia mtihani wa sheria za jimbo, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya mwenye leseni. Jisajili kwanza kabla ya kuanza mafunzo hayo.

Wengi hukwama kwenye tanuri la kuchomea maiti. Leseni yako haikupi haki ya kulimiliki: New York matanuri huendeshwa na mashirika ya makaburi yasiyo ya faida, na sheria ya 1998 inazuia kampuni za mazishi kuungana nayo. Ukipanga biashara yenye vyote viwili, mtaji utapotea bure. Badala yake, peleka maiti kwenye tanuri lao pamoja na idhini iliyosainiwa. Kama marehemu alikuwa na kidhibiti mapigo ya moyo (kifaa kinachopandikizwa kifuani), hakikisha kimetolewa, maana betri yake huweza kulipuka kwenye moto.