Mambo ya kuandaa kabla jike adimu hajafa, ili mayai yake yaokolewe

Julai 2015, kifaru jike mweupe wa kaskazini aitwaye Nabiré alikufa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki. Ovari yake (kiungo chenye mayai) iliyokuwa nzima ilitolewa, ikapelekwa maabara nchini Italia. Safari ya namna hiyo haipangwi mnyama akiwa ameshakata roho.

Anza na vibali, maana ndivyo vinavyochelewesha. Kifaru yuko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata kipande cha ovari yake hakivuki mpaka bila karatasi. Patana mapema na maabara itakayopokea mayai usiku au sikukuu, na uwe na daktari wa wanyama anayejua kutoa ovari, pamoja na wa akiba.

Moyo ukisimama, damu haifiki tena kwenye ovari. Oksijeni inaisha, tindikali inapanda, na mayai yanaanza kuharibika. Mbegu za dume ni vumilivu zaidi. Ndani ya mzoga uliopoa zinaweza kudumu siku nzima. Kwa jike unahesabu saa, kwa hiyo awepo mtu ambaye kazi yake ni kuandika saa ya kifo na joto la chombo, basi.

Suala la joto ndilo linalowaponza wengi. Mtu akiona kiungo kimetolewa mwilini, mkono unakimbilia barafu. Lakini ovari za ng'ombe kutoka machinjioni husafirishwa katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye uvuguvugu wa nyuzi 30 hadi 35, ndani ya thamosi, kwa saa chache. Mayai ya nguruwe yamejaa mafuta na baridi huyaumiza vibaya. Ovari za paka, kinyume chake, hustahimili nyuzi 4 kwa takriban siku moja. Waulize maabara kuhusu spishi yako, kisha bandika jibu lao kwenye thamosi yenyewe.

Kabla ya kisu, kagua mzoga. Damu isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja kubwa, shuku kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu: usipasue, hata kama huyo ndiye wa mwisho wa aina yake. Waite wakaguzi wa mifugo.

Maabara nayo iwe tayari. Yai la ng'ombe hukomazwa kwa saa 22 hadi 24 kwenye nyuzi 38.5, na mbegu za kulitungisha ziwepo. Chini ya hadubini, yai la kutumainiwa limezungukwa na tabaka kadhaa za seli zilizobanana, na ndani rangi yake ni sawasawa. Lililobaki uchi lina nafasi ndogo. Jike mzee au aliyeugua muda mrefu huenda mayai yake yalikuwa dhaifu hata kabla hajafa.

Ndiyo maana nasisitiza kuvuna angali hai. Agosti 2019, pale hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, vifaru jike weupe wa kaskazini Najin na Fatu walilazwa kwa nusukaputi, yakapatikana mayai 10. 7 yakakomaa, na viinitete 2 vikahifadhiwa, vyote vya Fatu. Daktari akiridhika kwamba jike wako anaweza kuhimili usingizi huo, panga tarehe sasa, na mpango wa mzoga ubaki kuwa akiba.