Redio ya gari imekata ghafla? Usikimbilie kununua nyingine

Wakuu, hii ni kwa wenye Benz, BMW au Audi za miaka ya 2000, zile ambazo redio, ampu (kikuza sauti) na nevigesheni zinaongea kwa faiba, yaani waya wa mwanga, sio shaba. Mara nyingi mfumo unaitwa MOST. Vifaa vimeungwa kwa duara, mwanga unatoka hiki unaingia kile mpaka unarudi ulikoanzia, kwa hiyo kimoja kikifa vyote vinanyamaza, na hapo ndipo watu huku Arusha wanaliwa hela bure. Mimi gereji moja waliniambia redio imekufa ninunue nyingine, kumbe ampu iliyoko kwenye buti imelowa maji ya masika, redio nzima kabisa! Iliniuma sana.

Spika moja ikigoma, hiyo sio mawasiliano, ni spika au waya wake. Ila vyote vikizima kwa mpigo, anza na betri. Gari likiwa limezimwa isome kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza maana kontroli boksi (kompyuta ndogo za gari) zikikosa umeme zinatoa kodi za hitilafu za kupotosha. Cheki fyuzi, halafu chomeka mashine ya kusoma kodi, kodi zinazoanza na U ndio za mawasiliano.

Sasa fungua trimu (vifuniko vya ndani) za buti ushike kapeti, ikiwa mbichi ushapata pa kuanzia. Chomoa plagi ya faiba ya ampu (mara nyingine imekaa ndani ya plagi kubwa ya umeme, toa hiyo ndogo peke yake), mwambie mtu awashe swichi we uangalie ncha za faiba hapo hapo, maana mwanga unaweza kuzima baada ya sekunde chache. Ukiona mwekundu, mwanga unafika, shida iko kwenye ampu au mbele yake. Ukiona giza rudi nyuma, kifaa kilichotangulia au faiba yenyewe.

Kuhakikisha, tafuta plagi ya loopu, kile kiplastiki kidogo kinachounganisha faiba inayoingia na inayotoka, chomeka badala ya ampu. Sauti hutapata kwa sababu ampu umeiruka, lakini redio ikiamka na menyu zikarudi basi mbaya wako ni ampu. Kabla hujaihukumu pima umeme na athi yake (waya hasi unaofungwa kwenye bodi), nimeona athi yenye kutu ikaua mfumo mzima.

Faiba usiikunje kona kali, duara lake lisipungue nusu kipenyo cha milimita 25, na ncha usizishike na vidole, vumbi letu hili la kiangazi nalo linatosha kupunguza mwanga, ziba na kitambaa safi mkiwa mnafanya kazi.

Na kabla hujafunga ampu nyingine mwagia maji taa za nyuma na mpira wa buti uone yanaingilia wapi, uzibe hapo kwanza.