Sisimizi wanaouma kwenye nyasi za nyumbani Dar es Salaam: jinsi ya kummaliza malkia

Dawa nyingi zinazopuliziwa kwenye nyasi za nyumbani huua sisimizi unaowaona, na hao ndio wachache. Wanaotembea juu ya ardhi ni vibarua waliotumwa kutafuta chakula. Malkia, mayai, mabuu na vibarua walio wengi wako chini, na malkia akibaki hai kiota hujazwa upya ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa ina lengo moja: kumfanya kibarua abebe sumu akiwa mzima, aifikishe nyumbani, amlishe malkia.

Kabla ya kununua chochote, mjue unayepambana naye. Maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yanamhusu chungu wa moto wa Amerika Kusini, aliyeingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na ambaye hujenga kichuguu cha udongo laini kisicho na mlango juu. Wanaotusumbua Dar kwa kawaida ni wenyeji, na tabia zao zinatofautiana.

Siafu hupita kwa msafara mnene, hasa mvua zikianza. Hawana kiota cha kudumu, hivyo chambo hakiwafai. Waache wapite, wataondoka na mende na panya. Shughuli yako ni kuwatoa njiani viumbe wasioweza kukimbia: kuku walioatamia, sungura, watoto wa mbwa, na mtoto mchanga aliyelazwa chini. Miguu ya banda isimamishe ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu yake.

Maji moto ni wale wa rangi ya kahawia-nyekundu wanaoshona majani ya mwembe, mchungwa na mnazi. Wakikuangukia shingoni huwezi kuwasahau, lakini ni walinzi wa mti: hufukuza kunguni anayedondosha nazi changa na yule mdudu mfyonzaji aitwaye mbu wa mikorosho. Kata matawi yanayogusa ukuta, kamba ya nguo au nyasi, kisha waache.

Sungusungu, weusi na wakubwa, wakipita kwa mstari wanakwenda kuvamia mchwa. Wana mwiba mkali, ila ujumbe wao, kwamba mchwa wako karibu, ni muhimu kuliko maumivu yao. Kagua miimo ya milango na mbao za paa.

Wanaobaki ndio mada yetu: sisimizi wadogo, wekundu au kahawia, wenye viota ndani ya nyasi zenyewe, kwenye kingo za pevingi na chini ya vyungu. Baadhi huchoma kwa mwiba. Wengine, wale wenye askari wa vichwa vikubwa kupita mwili, hung'ata na kumwaga udongo kila penye ufa.

Jaribu ladha kwanza

Huu ndio mtihani unaoamua kila kitu, na wengi huuruka. Jioni, weka kwenye vipande vya kadibodi vitu viwili kwa mbali kidogo: dagaa wa kukaanga aliyesagwa, na tone la maji ya sukari. Rudia kila baada ya mita 5 hivi bustani nzima. Rudi baada ya nusu saa. Wakijaa kwenye dagaa, wanataka protini na mafuta. Wakijaa kwenye sukari, tumia chambo cha maji. Ladha hubadilika kadiri kiota kinavyobadilika, kwani chenye mabuu wengi hutaka protini zaidi. Kwa hiyo mtihani wa Desemba usiutegemee Machi. Weka alama ya kijiti pale walipojaa zaidi.

Chambo cha sukari

Chukua maji ya uvuguvugu lita 1, sukari gramu 100 na asidi ya boriki gramu 10. Koroga mpaka maji yawe maangavu. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu poda hii ni nyepesi na kijiko hudanganya. Poda ya keram, ile ya mchezo wa ubaoni, mara nyingine ni asidi hiyo hiyo na mara nyingine ni wanga tu, kwa hiyo soma kopo.

Kosa linaloharibu chambo hiki ni kuongeza dawa "ili ifanye kazi haraka". Hiyo gramu 10 kwa lita ni asilimia 1, na inatosha. Ukizidisha mara tatu au nne, kibarua hufa njiani au hukataa kunywa, nawe utaona maiti nyingi karibu na kopo na kudhani umeshinda. Dalili ya chambo kizuri ni kinyume chake: msururu mrefu wa sisimizi wazima, siku ya kwanza wengi kuliko mwanzo, kisha wanapungua taratibu.

Lowesha pamba kwa chambo, iweke ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, na toboa matundu ya milimita 3 hadi 4 karibu na kitako. Kifuniko ni lazima: kinazuia nyuki, mvua na vidole vya watoto. Weka kopo kivulini kando ya njia yao, badilisha pamba kila siku 2 au 3 kabla haijachacha, na uendelee kwa wiki 3 hata kama wameonekana kwisha wiki ya kwanza. Andika SUMU juu ya kopo.

Chambo cha mafuta

Kwa wapenda dagaa, siagi ya karanga iliyokandwa na asidi ya boriki, gramu 1 kwa gramu 100, inasaidia, ila asidi haiyeyuki kwenye mafuta na matokeo huyumba. Chenga zilizotengenezwa kiwandani, zenye hidramethilinoni au dawa nyingine ya taratibu, hufanya vizuri zaidi. Zanzibar chambo cha hidramethilinoni kilijaribiwa kwenye minazi dhidi ya hao hao wa vichwa vikubwa, kwa sababu sisimizi hao huwafukuza maji moto.

Kiasi kinachohitajika kinashangaza kwa udogo. Chenga nyingi za aina hii huwekwa kilo 1 hadi 1.7 kwa hekta; bustani ya mita 10 kwa 20 inahitaji gramu 20 hadi 35, yaani vijiko vichache vya chakula. Fuata lebo ya kopo lako. Zitawanye kwenye nyasi zote badala ya kuzirundika juu ya kiota, maana vibarua hupenda kukiokota chakula mbali na nyumbani. Sisimizi aliyekomaa hawezi kumeza kitu kigumu; hubeba chenga, mabuu huimeng'enya, kisha majimaji yake huzunguka kiota kizima hadi kwa malkia. Ndiyo maana ushauri wa kumwaga mchele au unga "wavimbe matumbo" hauna maana.

Chenga zinazonuka mafuta yaliyoharibika hazitaguswa. Usizihifadhi pamoja na petroli, mbolea au dawa ya kupulizia, harufu huhamia.

Saa na msimu

Januari na Februari mchana ardhi tupu ya Dar huchoma, na vibarua hujificha. Weka chambo saa 11 jioni kuendelea, nyasi zikiwa kavu. Usimwagilie siku hiyo wala kesho yake, na usiweke kama wingu la mvua limeshasimama. Kipindi kizuri ni katikati ya vuli na masika, yaani Januari hadi mwanzoni mwa Machi, halafu tena Juni ardhi ikianza kukauka. Wakati wa masika, sehemu zenye maji ya chini yaliyo karibu kama Msasani na Mikocheni, sisimizi huhamisha viota juu: kwenye vyungu, marundo ya matofali, hata masanduku ya umeme. Humo usimwage maji wala dawa. Mwite fundi umeme.

Kiota kilicho pabaya

Chambo huchukua wiki. Kiota kilichopo mlangoni au chini ya bembea hakiwezi kusubiri. Asubuhi, jua likishapasha udongo joto, malkia na mabuu husogea karibu na juu. Hapo mwaga lita 10 hadi 12 za maji yanayochemka, taratibu. Usikichokonoe kwanza, kwani wakishtuka humpeleka malkia kwenye vyumba vya chini. Kwa vichuguu vya chungu wa moto, njia hii hufanikiwa karibu mara 6 kati ya 10, na huacha duara la nyasi zilizoungua. Ukoka hurudi wenyewe.

Ukitumia dawa ya kuchanganya na maji, kama sipamethrini, changanya kwa kipimo cha lebo ndani ya ndoo ya kumwagilia ya lita 10. Anza kumwaga kwa mduara kuzunguka kiota, malizia katikati. Vaa buti na glavu. Watoto na mifugo wasikanyage mpaka pakauke. Dawa za jamii hii huua samaki kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo zisikaribie kisima, mtaro au bwawa. Nunua chupa yenye lebo nzima na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina kipimo wala dawa ya kuitibu ikinywewa.

Mafuta ya taa na petroli yaache jikoni na kwenye gari. Huua udongo na huweza kushika moto, na kisima kikiwa karibu utayanywa. Majivu huwahamisha tu, chumvi huua nyasi. Dawa ya kopo la kupulizia ina ubaya wa pekee: ukiipulizia kwenye msururu wakati chambo kipo, umewaua wabebaji wako mwenyewe. Na jamii zenye malkia wengi zikisumbuliwa hugawanyika, kiota kimoja kikawa vitatu.

Wakikuuma

Wapanguse haraka kwa kitambaa. Wanaoshikilia kwa taya hawatoki kwa maji peke yake. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Kijipele chenye usaha kikitokea kesho yake usikitumbue. Midomo ikivimba, pumzi ikibana au mwili mzima ukitoka vipele, ni hospitali papo hapo.

Wasirudi

Kata nyasi kwa urefu wa sentimita 4 hadi 5, zoa mabaki, ondoa mawe na mbao zilizolala. Kagua haibiskasi na mwembe: vidukari na vidugamba hutoa utomvu mtamu unaowalisha sisimizi mwaka mzima. Pulizia sabuni ya maji, mililita 10 kwa lita, chini ya majani, jioni.

Wengi huingia na mizigo. Nyasi za kupandikiza, samadi na miche ya vitalu vya kando ya barabara huja na kiota ndani. Gonga chungu cha mche kabla ya kulipa na uangalie matundu ya chini. Ukiwa na shaka, kizamishe chote kwenye ndoo ya maji kwa dakika 20. Wakiwemo, wataelea na mayai yao.