Unakwenda Pemba? Haya yajue kabla hujakata tiketi

Watu wengi wanapanga Pemba kama nyongeza ya safari ya Unguja, siku moja tu wanaichomeka mwishoni, na hapo ndo wanapoikosa. Pemba ni kisiwa kingine kabisa, kina mikoa yake miwili, Kaskazini na Kusini, kina watu zaidi ya laki tano, na kutoka Unguja ni kama kilomita 50 za bahari.

Hiyo bahari ndo ya kuifikiria kwanza. Unguja imekaa kwenye maji mafupi na zamani sana bahari iliposhuka iliungana na bara, ila Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndo maana ina popo wake mkubwa ambaye huwezi kumkuta sehemu nyingine yoyote duniani. Kwa msafiri maana yake ni mawimbi, hasa kusi likiwa kali katikati ya mwaka, kwa hiyo ulizia upepo kabla ya tiketi na dawa ya kichefuchefu inywe mapema. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi usipande, hata kama umeshalipa. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake, na familia nyingi za huku zilifiwa, tafadhali usiende kuwahoji watu habari hiyo kama stori ya kupitisha muda.

Halafu angalia ramani vizuri. Upande wa magharibi ni vilima, mabonde ya mpunga, ghuba zinazoingia ndani sana na mikoko, mashariki na Micheweni huko ni maweweni, udongo kidogo, mvua ikichelewa watu wanapata shida kweli. Boti nyingi zinashusha Mkoani, kusini, Chake Chake ipo katikati, Wete na Konde juu kabisa, na barabara inapanda inashuka inakata kona, kwa hiyo usihesabu muda kwa kupima ramani kwa kidole.

Ukipenda historia tenga muda wa Ras Mkumbuu na Pujini. Ras Mkumbuu ina magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo kwenye ncha ya rasi ndefu, Pujini ni ngome ya mtawala wa zamani, Mkama Ndume, ambaye wazee wanasimulia ukatili wake mpaka leo. Usiende peke yako, tafuta mwenyeji, msalimie kwa heshima, shikamoo kwanza maswali baadaye, bila hivyo utaona mawe tu.

Na karafuu bwana, hiyo ndo Pemba yenyewe. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa na tangu hapo ndo inabeba zao hili, baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikagawa mashamba kwa wananchi, ekari tatu tatu. Ukifika msimu, kawaida nusu ya pili ya mwaka, utakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, hapo usikanyage wala usipitishe pikipiki, ni ada za shule za watoto hizo. Pia usinunue karafuu kavu kwa mtu uende nazo nyumbani, mnunuzi kisheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo yanashughulikiwa kweli kweli. Ukitaka zawadi ulizia mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanatengenezwa kiwanda cha Wawi karibu na Chake.

Nguo za kufunika mabega na magoti, mjini na vijijini. Ramadhani mchana usitegemee mkahawa. Noti chukua za kutosha, ATM zipo mijini tu. Na kama lengo lako ni msitu wa Ngezi basi lala Wete au Konde, usitoke Mkoani asubuhi ukitegemea kurudi kuwahi boti.