Shilingi ya simba: jinsi ya kujua ina fedha kiasi gani

Nyumba nyingi hapa Uganda zina mkebe wa sarafu ulioachwa na babu au bibi. Nazikusanya, na watu huniletea zao nizipime. Kwa Kiswahili pesa na madini vyote ni fedha, na Waganda nao huyaita madini hayo effeeza, hivyo wengi huamini kila sarafu kuukuu nyeupe ni fedha.

Mzee mmoja wa Jinja alikuja na shilingi 40 za simba, zile za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni, akitaka ziyeyushwe zitoke bangili ya mjukuu wake. Nikamwomba, "Mzee, tuzisome kwanza." Kumi na tano hazikuwa na fedha hata chembe.

Hatua ya 1: Usisugue

Weusi ulio juu ya sarafu hauli thamani yake. Majivu, dawa ya meno na limau ndivyo vinavyokula. Kama ina tope, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa cha pamba. Basi.

Hatua ya 2: Soma mwaka na maandishi

Hapa ndipo pa kutulia, maana shilingi zote za Afrika Mashariki za enzi ya wafalme zina simba yuleyule mbele ya milima. Za 1921 hadi 1925, na za 1937 hadi 1946, zina fedha 250 kati ya 1000. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu.

Mwaka ukiwa umefutika, tazama upande wa mfalme kwa lenzi. Ukiona IND IMP, maana yake "mfalme mkuu wa India", hiyo ni ya fedha. Ukiona GEORGIVS SEXTVS REX, haina. India ilipata uhuru 1947, cheo kikaondolewa kwenye sarafu, na kwa bahati fedha ikaondoka pamoja nacho. Senti 50, ile wazee wanayoiita sumuni, inafuata mkondo huohuo.

Zilizotangulia shilingi ndizo tajiri. Rupia ya India ya Victoria, Edward VII au George V, iliyotumika hapa hadi 1920, ina usafi wa 917. Rupia ya Wajerumani kutoka Tanganyika ina 917 pia. Senti 25 na 50 zilizoandikwa East Africa & Uganda Protectorates, zilizoanza 1906, zina 800. Florini ya 1920 ina 500. Reale ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne mbili baadaye, ina 833.

Shilingi za Uganda huru za 1966, zenye korongo, hazina fedha. Seti ya ukumbusho wa ziara ya Papa Paulo VI ya 1969 ni fedha safi. Iache ndani ya kasha lake.

Hatua ya 3: Pima

Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Shilingi nzima ina gramu 7.78, rupia 11.66, reale 28.07. Iliyochakaa hupungua kidogo, nawe uhesabu uzito unaouona. Iliyochomelewa kitanzi cha mkufu itakudanganya, kwa sababu risasi ya kuchomelea nayo ina uzito.

Hatua ya 4: Sumaku, kisha maji

Ikinaswa na sumaku, ni bandia. Isiponaswa bado hujathibitisha kitu, maana shaba nayo hainaswi.

Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe ikining'inia bila kugusa kuta wala chini, na uondoe mapovu. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba unayoiona. Rupia ya gramu 11.60 ikionyesha 1.12, jibu ni 10.36, na rupia halali hukaa karibu na 10.3. Reale hukaa karibu na 10.2. Ukipata 8 na kitu, umeshika shaba. Kwa shilingi ya simba kipimo hiki sikitegemei, kwa kuwa ya fedha na ya nikeli zimekaribiana mno. Hiyo isome tu.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Zidisha uzito kwa usafi. Shilingi: 7.78 × 0.25 = gramu 1.94. Rupia: 11.66 × 0.917 = gramu 10.69. Kwa hiyo rupia tano zina fedha nyingi kuliko shilingi zote 25 nzuri za yule mzee.

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya sonara, ambayo ni gramu 31.1035. Gawa bei ya siku hiyo kwa 31.1 upate ya gramu moja. Tuseme wakia ni dola 62.20: gramu ni dola 2, na rupia ina fedha ya dola 21 na ushee.

Hatua ya 6: Unapouza

Tenga mafungu kwa usafi kabla hujatoka nyumbani, kila fungu na uzito wake umeandikwa. Sonara atakupa chini ya bei ya dunia, ni haki yake, ana kazi ya kusafisha. Shilingi zenye robo tu ya fedha atazikata bei zaidi, kwa hiyo nashauri zisiyeyushwe, wape wakusanyaji. Na usimruhusu mtu kukwaruza sarafu kwa tupa au kuidondoshea tindikali kabla hamjaelewana bei. Yule mzee alichagua shilingi moja ya 1922 yenye maandishi makali, tukaitia kwenye mfuko wa karatasi na jina la mjukuu juu yake. Bangili alinunua dukani.