Dumu la dawa ya mikorosho halifai kuwekea maji

Msimu wa kupuliza ukifika we shuka tu asubuhi Mto Lukuledi, utamkuta mtu kainama anasuuza bomba la mgongoni, madumu matupu yanaelea pembeni, na hatua kumi chini yake mama anajaza ndoo ya nyumbani. Nimeshasema kwa mdomo mpaka basi, ngoja niandike.

Salfa ya unga ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, siizungumzii hapa. Nazungumzia dawa za maji na vyombo vyake. Kuna kemikali zinaitwa PFAS, kaboni imeshikana na florini, na zimeshikana kweli kweli, jua haliziwezi, bakteria hawaziwezi, ukichemsha maji ndo kwanza zimetulia humo humo. Ziko kwenye povu la kuzimia moto wa mafuta, kwenye vikaango visivyoshika chakula, na baadhi ya madumu ya plastiki ya dawa yanapitishwa gesi ya florini ili yasipitishe dawa, basi hapo hapo zinatengenezeka. Mwaka 2022 EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, waliweka maji matupu kwenye madumu ya aina hiyo wiki 20, PFAS zikawa zinaendelea kutoka tu.

Kuna mzee nilimkuta ana dumu la lita 5 kalikata shingo anachotea maji mtungini, ananambia mwanangu hili nimelisugua na majivu na mchanga wiki nzima, nusa mwenyewe. Kweli halinuki. Ila mzee wangu shida haiko kwenye harufu, iko ndani ya plastiki yenyewe, na kwa macho huwezi jua dumu lipi limepitishwa florini na lipi halijapitishwa, kwa hiyo yote yaogope.

Halafu kuna lambda-cyhalothrin, dawa ya wadudu tunayopulizia mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, nayo ina florini, na tukiacha hilo, tone dogo tu linaua samaki na kamba. Lukuledi inamwaga ghuba ya Lindi, kwenye mikoko ambako kamba wadogo wanakulia, na PFAS kama PFOS zikiingia kwa samaki zinakaa kwenye ini na damu, anayemla naye anazibeba.

Fanya hivi. Dumu likiisha suuza mara tatu huko huko shambani, kila mara weka maji kama robo, tikisa, mimina kwenye bomba upulize mikorosho. Maji njoo nayo na ndoo, bomba lisiguse mto. Litoboe na msumari chini na ubavuni, maana lisipotobolewa jirani atalibeba aweke mafuta ya taa, kesho maji. Usichome moto, ule moshi ni sumu. Weka kwenye kiroba mbali na chakula, ukienda kununua dawa muulize muuzaji au bwana shamba wa kata yanapokelewa wapi. Na mikorosho ya ukingoni mwa mto, mistari miwili ya mwisho iache bila dawa, najua inauma.